Chumba cha Chaki kwenye Barza

Nilipoambiwa kwamba Madame Solange yuko Butembo na anaulizia nyumba yangu, sikufurahi. Niseme hilo mapema, maana binti yangu Masika anapenda kusimulia ziara ile kana kwamba nililia kwa furaha. Sikulia. Nilikuwa ninachambua maharage, nikaendelea kuchambua. Alikuja kwa pikipiki, bibi mzee wa Kifaransa mwenye nywele nyeupe zilizojaa vumbi, amekumbatia begi kifuani, na alipofika mlangoni akafungua mikono na kusema, "Wasingya, Kavira, wasingya." Hiyo ndiyo asante yetu ya Kinande, niliyomfundisha mimi mwenyewe jikoni kwake nilipokuwa msichana, na mpaka leo anaitamka vibaya. Mumewe, Monsieur Gérard, alikuwa amekwisha kufa. Madame mwenyewe alialikwa kwenye sherehe ya kituo cha afya alichokifanyia kazi wakati wa vita, akaona asirudi Ufaransa bila kuniona. Nikampa kiti. Nikamwambia Masika aweke maji ya chai motoni. Na nilipomtazama akijiweka sawa kitini, hasira niliyodhani imekwisha pamoja na ujana wangu ikaamka nzima, haina hata mvi moja.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa vita ya pili, wakati askari walibadilika mjini mara nyingi hata tukaacha kuuliza ni wa nani. Nilikuwa nimemaliza shule na diplome yangu ya serikali mkononi, na kwa kuwa serikali ya kuniajiri haikuwepo, nilishika kazi ya kupika na kutunza nyumba kwa Wafaransa hao wawili, huko Bulengera. Bibi alikuwa muuguzi. Bwana alikuwa fundi wa maji, kazi yake kujengea chemchemi za vijijini ili watu wachote maji safi. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, na mbele ilikuwa na barza pana ya saruji, mahali penye paa ambapo kwetu mtu hukaa na wageni wake. Ndani kulikuwa na meza ndefu ya mbao nzito, nami niliipangusa kila asubuhi mpaka nikaifahamu kila kovu. Vita tuliijua kwa chakula. Njia ya kusini ikifungwa, viazi vya Alimbongo vilipotea sokoni, nami nilipika ndizi leo, ndizi kesho, na ndizi tena. Monsieur Gérard hakuweza kwenda kwenye chemchemi zake. Alizunguka nyumbani, anafungua redio, anaifunga, anaifungua tena. Ndipo siku moja baada ya chakula cha mchana akaleta bomba refu la karatasi ngumu, akavuta ndani yake ramani, akaitandaza juu ya meza na kuikandamiza pembe zake kwa sahani ambazo nilikuwa bado sijaziondoa.

Ilikuwa ramani ya mifereji ya Ufaransa. Mimi ni mtoto wa milima; Butembo hatuna mto wa kubeba mtu, tuna vijito vya kufulia na kuloweka mihogo. Nilisimama na sufuria mkononi nikitazama mistari ya buluu iliyozunguka nchi nzima, na Monsieur akaniambia nikae, nione. Akaeleza kwamba watanunua péniche, mashua ndefu ya chuma ya zamani iliyokuwa ikibeba ngano na makaa, waigeuze nyumba, na kwa msimu mmoja mzima, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi, wasafiri nayo taratibu kutoka mji hadi mji. Wangeanzia mto wa Saône, waingie mfereji wa Bourgogne, waukate mlima kwa ndani. Nikacheka. Nikamuuliza mashua inapandaje mlima. Akachukua vijiko na glasi, akanionyesha: mashua inaingia kati ya milango miwili, maji yanafunguliwa, yanainyanyua, mlango wa juu unafunguliwa, inaendelea. Kila mlango una mlinzi wake, na saa sita mchana mlinzi hufunga, akaenda kula.

"Na akisha kufunga, batu bote banangoja?" nikauliza kwa Kiswahili chetu cha Butembo, yaani watu wote wanangoja.

"Tout le monde," akasema Monsieur. "Batu bote. Ata général."

Sijui kama alijua alichonifanya kwa neno lile. Siku zile, kwenye njia ya Beni, kamba za askari zilikuwa zimefungwa barabarani kila baada ya kona, na wenye kamba hawakwenda kula popote kwa sababu walikula kutoka vikapuni mwetu. Nchi ambayo jenerali anasubiri mtu wa kawaida amalize mkate wake, hiyo nilitaka kuiona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuitwa mezani.

Wiki baada ya wiki walipanga, nami nikapanga nao. Madame alisoma kitabu cha njia, akataja mahali pa kupata mkate na mahali pa kuongeza mafuta ya mashine. Monsieur alibishana naye juu ya mwezi wa nane: yeye alitaka kuukimbia mfereji ambao maji yake hupungua wakati wa joto, mkewe alitaka kubaki huko kwa ajili ya zabibu. Mimi nilisema maharage makavu yawekwe chini, mbali na mashine, yasinuke mafuta. Wakakubali. Nilisema sufuria kubwa mbili zinatosha. Wakakubali. Jioni moja mvua ilikuwa ikipiga mabati na bunduki zilikuwa zikisikika mbali, upande wa njia ya Beni, na Monsieur akaweka penseli yake chini. "Donc, ni sawa," akasema. "Miye nitashika usukani. Solange atashika kamba. Kavira utashika jikoni." Na Madame akasema, "Évidemment. Bila Kavira tutakufa na njaa."

Asiye wa Butembo hataelewa kilichotokea pale. Mji wetu ni mji wa safari. Wafanyabiashara wetu walikwenda Kampala, walikwenda mpaka Dubai, wakati wakubwa wa nchi walikuwa hawawezi hata kufika Goma, na safari hizo zilipangwa mezani, baada ya chakula, kwa midomo tu. Mtu akikwambia "twende", hajasema kitu. Lakini akikupa kazi ndani ya safari, akasema wewe utashika mzigo, wewe utashika lugha, wewe utashika chakula, basi umekuwa msafiri. Hakuna karatasi inayofuata. Anayekutaja hivyo kisha akakuacha, watu hawakai naye tena mezani. Nimekulia ndani ya desturi hiyo, naijua kama ninavyojua kuwasha makaa. Waliponitaja, nilijua ninakwenda. Wala sikuwa mjinga. Nilikuwa mtu wa Butembo aliyewasikia watu wazima wakisema neno lililokamilika.

Siku iliyofuata nikauliza nitalala wapi. Monsieur alifurahia swali hilo mno. Akanieleza kwamba péniche zote za zamani zina chumba kidogo puani, mbele kabisa, cha mfanyakazi, kinaitwa poste avant, na hicho kitakuwa changu. Nilipomwambia sikielewi, akachukua chaki ya shule, akatoka barzani, akapiga magoti na kukichora sakafuni kwa vipimo vyake vya kweli: ukuta unaopinda huku na huku mpaka ukutane mbele, ngazi ya kushukia, rafu ya nguo, dirisha la mviringo. Kitanda akakichora pembeni. "Lala, tuone kama utaenea," akasema. Nikalala chali juu ya saruji ya baridi, mikono kando, nao wamesimama wananitazama, na miguu yangu ikavuka mstari. Akaufuta kwa kiganja, akaurefusha. "Voilà. Kitanda ya Kavira." Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha barza ile. Tangu siku hiyo niliosha kila mahali isipokuwa ndani ya mistari, na palipopauka nilichukua chaki nikapachora upya.

Sasa nifike kwenye mbuzi. Nilikuwa nimeposwa na Kambale, fundi wa magari, kijana aliyecheka kwa mabega, na mahari yake ilikuwa imekwisha kufika: mbuzi walikuwa katika lupango yetu, uani, wakila maganda ya ndizi. Nilimpenda, nisiandike kana kwamba sikumpenda. Kwao walikuwa wamepanga arusi mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, katikati kabisa ya msimu wa mashua. Nilimwendea shangazi yangu, tantine aliyenilea, nikamweleza. Tantine aliuliza jambo moja tu.

"Balikutaja mu safari, ao balisema tu?"

"Balinitaja, Tantine. Balinipatia jikoni. Na pa kulala balinionyesha."

Akaendelea kumenya muhogo wake. "Kama balikutaja, utaenda," akasema. "Lakini mutoto haendi miezi yote ile mu mashua ya bazungu na mbuzi ya batu iko mu lupango yetu. Bataita siye bezi. Tuombe kwanza kama banaweza kungoja."

Tuliomba. Wazee wa kwao walikataa, wakasema msichana anayetaka kungojwa kabla hajaolewa atangojwa maisha yake yote. Kambale alikuja jioni, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. "Njo unaniacha juu ya mashua, Kavira?" Nikamwambia sikumwacha kwa ajili ya mashua, ni arusi tu isogezwe mpaka mwezi wa kumi na moja. Akasema wazee hawasogei. Basi mbuzi wakarudi. Kwetu mahari hairudishwi kwa kificho. Inapita mchana, njia kubwa, pamoja na watoto waliozaliwa uani kwenu, ili kila mtu aone kwamba hamkubaki na kitu. Walipita chini ya nyumba ya Wafaransa nilipokuwa nikianika mashuka. Madame alikuwa barzani na kahawa yake. "Oh, Kavira, ona mbuzi! Ni wazuri!" akasema. Nikamwambia ni mbuzi wa kwetu, wanarudi kwao. "Ah bon," akasema, na akanywa kahawa.

Baada ya hapo ilibaki karatasi ya kusafiria. Monsieur alinisimamisha mbele ya ukuta mweupe akanipiga picha mwenyewe, akanirekebisha kola, akasema, "Très bien, sasa uko tayari." Siku ileile nikapanda lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni, nimekaa juu ya magunia na wanawake wenzangu, na katika kila kamba tukashuka, tukapekuliwa na mikono ambayo sitaki kuizungumzia hapa. Ofisini Beni nilimkuta mkubwa mmoja aliyetumwa huko kutoka mkoa wa mbali kabla ya vita, suti yake imechakaa viwiko, amekwama kama sisi. Nilimweleza safari ya Wafaransa wangu, naye akaangalia picha yangu kwa muda mrefu.

"Passeport inatokaka Kinshasa, mademoiselle," akasema. "Na Kinshasa iko ngambo ya vita. Bale bazungu banajua vile?"

"Banajua, Papa."

"Na balikutuma?"

"Balinipiga picha."

Akatikisa kichwa, akanipa laissez-passer yenye mhuri wa wakubwa wa siku ile, karatasi ambayo ingenifikisha Kampala na pengine isinifikishe. Niliirudisha Butembo kifuani. Monsieur aliisoma, akasema "Bravo!", Madame akapiga makofi, na tukafungua kopo la sardini tuliloliweka kwa siku kubwa. Hapo ndipo ningependa kumshika mtu yule shingoni, hata leo akiwa kaburini. Si kwa sababu aliota. Kila mtu na aote anachotaka, vita inachosha. Lakini aliniona nikipanda lori lile. Alijua njia ile ilivyokuwa, yeye mwenyewe alikuwa haipiti bila bendera na gari mbili. Angeweza kusema neno moja dogo, "Kavira, tunacheza tu," na mimi ningalikuwa na aibu ya siku moja tu. Hakulisema, kwa kuwa mchezo ulikuwa mtamu zaidi nikiuamini.

Mapigano yalipoingia Bulengera, shirika lao likatuma ndege ndogo Mavivi, kwenye uwanja wa Beni, kuwachukua wazungu wote. Tuliondoka asubuhi kwa gari mbili, mimi katikati ya mizigo na mfuko wangu uliofungwa tangu wiki nyingi. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Hilo nililichukua kuwa dalili njema. Mavivi ndege ilikuwa tayari inapiga kelele na majani yanalala. Rubani akatazama watu, akatazama mizigo, akasema uzito umezidi. Monsieur Gérard akanigeukia, akaweka mkono begani kwangu. "Kavira, utatunza nyumba. Wiki mbili. Tutarudi, ao tutakuita." Nikatoa laissez-passer nikamwonyesha. Akaifunga ndani ya kiganja changu kwa upole, kama mtu anayemrudishia mtoto mchoro wake. Madame alikuwa akilia. Wakapanda, na kupitia dirisha nilimwona Monsieur amekaa na lile bomba la ramani limesimama katikati ya magoti yake. Bomba lilipata nafasi.

Dereva alinirudisha Butembo siku iliyofuata. Nyumba ilikuwa imekwisha kuvunjwa mlango na kuporwa. Kamanda mmoja alikuwa amekaa barzani kwenye kiti cha Madame, buti zake juu ya chumba changu. "Mundele akei wapi?" akaniuliza kwa Lingala, mzungu ameenda wapi. Nikamwambia amepanda ndege. Akacheka, akaniagiza nimpikie, nami nikampikia, kwa kuwa jikoni ndiko nilikotajwa. Meza yangu waliipasua kuni. Wiki mbili zikapita, na mwezi, na msimu wote. Kambale alioa kiangazi kilekile, msichana mwingine, kwa mbuzi walewale. Mimi mtaa ulinipa jina: Kavira wa Mashua. Watoto waliniuliza sokoni maji yamefika wapi. Baadaye sana niliolewa na mtu mwema, Mungu amrehemu, na sikumkosea heshima hata siku moja, lakini sikuwa nimemchagua yeye, na hilo alilijua.

Basi huyo ndiye Madame aliyekaa kwangu mwezi uliopita, anapuliza chai. Akafungua begi, akatoa picha. Waliinunua péniche, akasema, miaka michache baada ya kurudi kwao. Walisafiri msimu mzima, wa nne mpaka wa kumi, kama tulivyopanga. Nikaiona: ndefu, nyeusi, maua juu ya paa, Monsieur kwenye usukani na kofia. Masika aliyekuwa amesimama nyuma yangu akapiga kelele.

"Mama! Ona! Jina yako!"

Ilikuwa kweli. Puani mwa mashua, kwa herufi nyeupe kubwa, iliandikwa KAVIRA. Masika akapiga makofi, jirani aliyekuja kuona mzungu akapiga makofi, na Madame akaushika mkono wangu, machozi yanamtiririka. "Ulikuwa pamoja nasi," akasema. "Kila siku. Gérard alitaka hivyo." Nilitazama picha ile. Chini tu ya herufi niliona dirisha dogo la mviringo, nikalitambua.

"Na kile chumba ya mbele, Madame?" nikauliza. "Poste avant. Nani alilala mule?"

Ilimbidi akumbuke. "Hakuna mutu. Tuliweka mule vélos," akasema. "Baiskeli."

Masika aliacha makofi. Nikautoa mkono wangu ndani ya mkono wa Madame, nikauweka juu ya magoti yangu. Nikamwambia karibu yote, kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa changu cha shule ili asipoteze neno: desturi ya kutajwa, lori, kamba za Beni, kamanda kwenye barza. Alisikiliza na kiganja mdomoni. Kisha akaanza kutikisa kichwa, polepole, si kwa kukataa bali kwa kunionea huruma, na hiyo ndiyo niliyoshindwa kuivumilia.

"Lakini Kavira, ilikuwa maneno tu," akasema. "Tulikuwa na woga. Tulikuwa tunaota, sote watatu, pale mezani."

"Ninyi mulikuwa munaota, Madame," nikamwambia. "Siye tulirudisha mbuzi."

Akanitazama. Alikuwa anatafuta kweli, nilimwona akipekua kichwani mwaka wote ule, barza, kahawa, mvua, ramani.

"Mbuzi gani?" akauliza.